Nimekuja Kudai Udongo

Mvua ya Aprili ilinyesha usiku mmoja tu,
asubuhi nikaukuta udongo wangu barabarani,
umelala kama mlevi kwenye kalvati ya Uchira,
malori ya saruji yakiukanyaga bila hodi.
Ulionusurika ulikuwa kwa Ndelamio.
Nilimkuta amesimama juu yake, mikono kiunoni.
"Nimekuja kudai udongo," nikamwambia.
Akacheka mpaka akakaa chini.
"Mama Aikande, hata mbegu zako zimehamia kwangu.
Zikizaa nitakuita."

Sikucheka.
Miaka kumi na mitatu nimechoma mabua kila Agosti,
nikipenda shamba tupu kama kiganja,
na huo nikauita usafi.
Trekta la kukodi lilishuka na mteremko moja kwa moja,
likichora mifereji ya kusafirishia riziki yangu,
nami nikimlipa dereva, na soda juu.

Kule Kirua, kwenye kihamba cha mama mkwe,
hakuna aliyewahi kumfuata jirani kudai udongo.
Mringaringa umeufunika mgomba,
mgomba umeufunika mbuni,
magimbi chini, mbuzi bandani,
jani likianguka lina kazi linakokwenda.
Nilidhani ni wingi wa mvua za huko.
Kumbe ni mpango,
wa siku nyingi mno hata tumesahau kuwa ni mpango.

Usiku nikaigeuza kalenda ya ushirika
upande usio na picha, nikachora.
Maji yanaingilia wapi.
Yanakimbilia wapi.
Nani atayachelewesha njiani.
Nikafuta, nikachora tena, raba ya mjukuu ikaisha.

Agosti hii sikuwasha kiberiti.
Jumamosi tukafunga fito tatu, umbo la herufi A,
katikati kamba, na kwenye kamba kufuli
la duka ambalo marehemu alilifunga, asirudi kulifungua.
Kufuli likatulia kwenye alama: hapa ni sawa na pale.
Pigilia kigingi. Sogea.
Likayumba, likafikiri, likatulia.
Mstari uliotoka haukunyooka hata kidogo;
ulizunguka kichuguu, ukaukwepa mwamba,
ukaenda kama mtu anayezijua nyumba za watu.
Ndelamio alikuja kutazama uchawi huu,
akabaki ameshika fito hadi saa kumi.

Tukachimba, udongo tukautupa upande wa juu.
Mabingobingo kwenye tuta, mbaazi nyuma yake,
fiwi zitambae katikati ya mahindi zifunike aibu,
mabua yalale yalipokatwa.
Samadi ilitoka kwa ng'ombe wa Ndelamio.
"Hiyo," alisema, "ndiyo riba ya udongo wako."

Na mpakani, masale.
Kwetu isale ni mpaka, na isale ni msamaha:
hata kama ulimwaga damu,
ukimfikia mtu na jani lile mkononi
hana budi kukusikiliza.
Niliyapanda yote mpakani, nikabakiza moja.
Nikalichomeka katikati ya shamba,
pale palipokuwa pakiungua kuliko kwingine,
wala sikumwambia mtu kwa nini.

Vuli ilipopiga nilitoka na tochi, kanga kichwani.
Tuta la kwanza: maji yamesimama,
yanazama polepole, kwa adabu,
kama wageni wanaovua viatu mlangoni.
La pili, vivyo hivyo.
La tatu limekatika,
palepale tulipopima kwa haraka, ugali ukitungoja,
nikasema, kufuli limeshatulia, twende.
Lilikuwa bado linayumba. Nililiona.

Chini ya ule ufa tochi nyingine ilikuwa inapanda,
na sauti nyuma yake:
"Umeniletea mwingine?"
"Kidogo," nikasema. "Njoo na jembe."