Hamsini ya Shamba

Nasoma mita. Mwaka wa kumi na tisa huu
nainama mbele ya vifuniko vya chuma,
nafuta vumbi kwa kidole, natamka tarakimu
kama mtu anayemsomea mgonjwa barua.
Mbwa wa Chumbageni wananijua kwa harufu.

Mwaka ule wa mvua nyingi Zigi ilishuka nyekundu.
Msagati wa maabara akamimina shabu,
gunia baada ya gunia,
maji yakabaki chai ya maziwa.
Nyumba kwa nyumba nikaonyeshwa ndoo:
"Haya ndiyo mnayotudai?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na kalamu.

Basi mji ukakaa kikao, ukagombana, ukaahirisha,
ukakaa tena. Uamuzi ukabandikwa
mlangoni pa ofisi kwa uji wa muhogo:
kila ankara iongezwe shilingi hamsini,
tununue kilima.

Bi Mwanakheri wa Barabara ya Kumi na Sita
akavaa miwani, akavua, akavaa.
"Shamba? Mimi? Jembe lenyewe nimelisahau lilivyo."
Nikamwambia hakuna jembe, bibi.
Tunanunua ili tusilime.
Akanitazama anavyomtazama mjukuu
aliyerudi dukani na chenji pungufu.

Nilipandishwa Kwembago niwe shahidi,
kwa kuwa mwandiko wangu, walisema, unasomeka.
Shemahonge alitupokea na kamba ya kupimia
ingawa tulikuja na mashine yetu ya satelaiti.
Akatembea mpaka, unyayo kwa unyayo:
hapa mdalasini, hapa iliki, hapa lile shimo
walilochimba vijana wa dhahabu
wakaniachia zebaki na deni la unga,
hapa chemchemi, msiikanyage.

"Mtajenga nini?"
Hatujengi.
"Mtapanda nini?"
Kitakachojiotea.
Akacheka mpaka akaketi chini.
"Baba alikuwa akinichapa
nikiachia shamba liingie pori.
Ninyi mnanilipa!"
Kisha akaacha kucheka, ghafla,
kama aliyekumbuka kitu jikoni.

Pesa zilihesabiwa mara tatu juu ya mkeka.
Akachovya dole gumba kwenye wino, akalishikilia hewani.
"Mke wangu amelala kule chini ya migomba.
Nitakuwa naingia. Sitabisha hodi."
Afisa akasema hilo halimo kwenye fomu.
Nikaliandika pembeni, wima, kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu.
Sikuambiwa nilifute. Dole likashuka.

Miaka mitatu. Sitasema Zigi imekuwa kioo.
Ng'ambo ya Kwembago kuna shamba hatujalipata,
mwenyewe anataka bei ya kiwanja cha Raskazoni,
na mvua ikikaza Msagati bado anafungua gunia.
Ila anafungua moja
pale alipokuwa akifungua manne,
na hili hakuna aliyelibandika mlangoni.

Mwezi uliopita nikapewa mtaa mpya, Majani Mapana.
Nyumba ya bati jipya, mita bado ina nailoni ya dukani.
Nikainama. Sauti ikasema juu ya kichwa changu:
"Mwandiko unaosomeka!"
Shemahonge, msuli kiunoni, mswaki mdomoni,
mteja wetu sasa, ana namba yake.

Akaipokea ankara, akaishika mbali na macho.
"Uniti sita. Sawa. Na hii hamsini?"
Ni ya shamba, mzee.
"Shamba gani?"
Lako.

Hakucheka safari hii.
Alifungua bomba la uani, akakinga kiganja,
akanusa kwanza, macho amefumba,
maji yakimvuja kwenye kiwiko.
"Iliki haimo," akasema.
Akanywa.
Akakinga tena, akanywa,
kisha akaingia ndani kutafuta sarafu,
nami nikasimama pale uani
nikiitazama mita ikizunguka,
kwani alisahau kufunga.