Jini Aliyekohoa

Si moshi, Mbarouk. Nimekwambia toka juzi.
Moshi ni kitu kilichoungua: kumbi la nazi, udi chetezoni,
majivu yake utayakuta asubuhi.
Hiki hakiungui. Ni maji na glaikoli
vilivyopitishwa kwenye bomba la moto,
kama makonyo ya karafuu
aliyokuwa baba akiyavukiza kiwandani Wawi;
vikatoka mdomoni mwa mashine vikiwa mvuke,
vikakutana na ubaridi wa ukumbi, vikaona haya,
vikajikunja kuwa matone
madogo hata jicho haliyahesabu,
linaona weupe tu, linasema: ukungu.

Ndivyo jini wetu anavyoshuka Chake Chake
kila Ijumaa baada ya isha, kiingilio elfu mbili,
na watoto wa mstari wa mbele hupiga mayowe
wakijifunika kanga za mama zao.

Lakini maji ya mashine yalikwisha,
na meli haikuleta mengine kutoka Unguja.
Ukanunua gliserini dukani kwa Bi Mchanga,
ile ya kupaka miguu iliyopasuka,
ukaikoroga kwenye dumu la mafuta ya kula.
Ukaniambia: mvuke ni mvuke.

Baba angekucheka.
Baba alijua moto ukizidi nyuzi chache
harufu ya karafuu hugeuka ya nywele zilizobabuka.
Gliserini nayo ni hivyo hivyo. Ipashe, itakuwa ukungu;
iunguze, itazaa akrolini,
jina zuri kama la bibi harusi,
na kucha zake ziko machoni mwa watu, ziko kooni.

Usiku wa tatu Shaame akatokea kwenye weupe,
kilemba chekundu, mikono juu,
akafungua kinywa kumlaani sultani:
kikatoka kikohozi.
Cha pili. Cha tatu kikamkunja.
Watu wakacheka, wakadhani ndivyo ilivyoandikwa.
Mie nyuma ya pazia, ulimi mkavu kama gunzi,
nikasikia ndani ya kikohozi kile filimbi nyembamba
ninayoijua: pumu aliyotuficha
asije akanyang'anywa ujini wake.

Nikachomoa waya. Nikafungua milango, yote miwili.
Upepo wa barabarani ukaingia na harufu ya chipsi.
Ukungu ukatoka bila kuaga.

Shaame kakaa jukwaani, mwanadamu mtupu,
dawa ya kuvuta mdomoni, kilemba kimelegea.
Mtoto mmoja akauliza kwa sauti:
"Mama, kumbe na jini huvuta pumzi?"

Sasa unanitaka tiketi za watu, na dumu lako.
Tiketi nitalipa.
Dumu nimelimwaga mferejini, Mbarouk.
Halikutoa hata povu.