Sikio la Kushoto

Gari la zimamoto limetolewa nje, linalowa mvua,
ili wazazi wangu wapate pa kuimbia.
Sakafu bado inanuka dizeli.
Kina mama wa kanisa wamepanga maharagwe, mkate wa mahindi,
na lile blanketi la viraka litakalopigiwa bahati nasibu.
Mimi nipo mlangoni na kopo la biskuti lenye chenji,
nauza kanda ambazo siku hizi hakuna mwenye redio ya kuzichezea,
na watu wananunua.

*Muziki wa Mizizi*, linasema bango.
*Verlin na Oleta Stidham, mume na mke.*
Mizizi ya nani, bango halikusema.
Mama alitafuta mwenyewe, uzeeni, akatueleza
banjo ilivukaje bahari vichwani mwa watu waliofungwa minyororo,
hata ikafika kwenye milima hii ya Kentaki
na kuangikwa ukutani kwa babu, aliyeiita yetu.

Tumekuja maili hamsini bila neno.
Nilikaa katikati yao, fidla mapajani kama mtoto wa kuazima,
nikihesabu vifuta kioo.
Mama alikuwa amesema kitu kimoja tu, getini:
"Jumamosi ulipotoka kwenye kiitikio."
Baba hakujibu. Alilivuta pakiti lake la peremende, akawasha gari.
Kidude cha kusikilizia, dola elfu mbili,
kimebaki kwenye droo na funguo zisizo na kufuli.

Sikio la kufa halisikii dawa.
La baba halikufa, liliuawa:
miaka ishirini na sita ya msumeno kiwandani,
upande wa kushoto.

Kipaza sauti ni kimoja.
Walianza hivyo kwa umaskini, baadaye wakasema ni mtindo.
Hata ukinuna, utanunia wapi?
Lazima shavu lisogee, ukingo wa kofia uguse nywele,
kitunguu cha mmoja kikutane na peremende ya mwenzake.

Wanaimba ule wa bibi harusi aliyezama.
Kwetu nyimbo zinaua watu wengi
na watu wanapiga miguu chini.

Ubeti wa tatu, uzi wa fidla unakatika.

Hapa ndipo baba hutoa kichekesho chake,
kile cha mama na nyumbu,
miaka thelathini na mmoja, kile kile,
ukumbi mzima unajua pa kucheka.
Mama amepiga goti, uzi mpya kati ya meno.
Baba anafungua mdomo. Anaufunga.

"Jamani," anasema, "mimi sisikii vizuri tena.
Huyu ndiye anayenishikia sauti.
Nikipotea, mfuateni yeye."

Mvua ikasikika kwenye bati.
Mtu mmoja akacheka kwa mazoea, akajikatiza.
Mama hakuinua uso.
Akakaza kigingi, akadunda kwa kidole, akakaza tena,
muda mrefu kuliko uzi ulivyohitaji.

Kisha akainuka, na hakurudi mahali pake.
Picha zote tulizonazo, hata jalada la kanda,
yupo kushoto kwa baba.
Akapita nyuma yake, akasimama kulia.

Hawakuwa wamejifunza kusimama hivyo.
Kichwa cha fidla kikampiga baba kofia,
kofia ikaanguka, hakuna aliyeiokota.
Wakaanza ubeti wa tatu upya,
yule bibi harusi akazama mara ya pili,
na kiitikio, nawaapia, kilinyooka.

Niliuza kanda tisa na kusahau kula.

Saa nne usiku, mvua imekatika, baba yupo kwenye usukani.
Nikafungua mlango nipande, nikae katikati kama nilivyokuja.
Mama akanishika bega, akanipa fidla.
"Wewe kaa dirishani," akasema.