Ua la Nailoni

Bukavu, saa sita usiku: umeme umerudi Ibanda.
Cibalonza anaziba dirisha kwa kitenge,
anabana kipande cha mfuko wa chumvi
kati ya vioo viwili vya miwani iliyovunjika,
anawasha leza.

Kwa jicho, nailoni ni nailoni.
Mwanga ndio unaojikwaa humo ndani,
unatawanyika,
na ukutani panachanua ua jekundu, petali nne.

Anavuta utando kwa upana:
ua linarefuka kwenda juu.
Anapima kwa rula ya shule ya mdogo wake;
ua likiwa pana, chembe za ndani ni ndogo,
anaandika, anafuta, anaandika.

Umeme unakatika.
Gizani kidole chake kinapapasa mfuko,
kinatafuta ua.
Laini tu. Na punje moja ya chumvi.