Tiketi ya Watatu

Usiku wa Ijumaa nimezitandaza mezani
kama karata, katikati ya sahani za ukoko:
kwenda na kurudi, bei ya kawaida;
pasi ya siku nzima, panda shuka utakavyo;
basi la pwani, nafuu, ila linazunguka mno
na mama hakai saa mbili bila choo;
na hii ya mwisho, ya kundi,
kuanzia watu watatu.

Mama amevaa miwani ya zamani ya Tatu.
Anasoma namba tu, maneno ananiachia.
"Hii ya panda shuka, tutapanda mara ngapi?"
Treni za Whitby ni chache, mama. Kwenda moja, kurudi moja.
"Basi wanatuuzia nini? Upepo?"
Akaigeuza kifudifudi.

Rahisi huvunja upishi, ndivyo asemavyo
akinunua vitunguu, akinunua koti,
lakini ile ya kundi kaikodolea macho:
watatu kwa pauni thelathini,
wawili, kila mtu na yake, thelathini na nne.
"Pili, hesabu tena."
Nikahesabu tena. Hesabu haina aibu:
wawili ghali, watatu rahisi.

Na tulikuwa watatu hadi saa moja jioni,
simu ya Tatu ilipotetemeka kando ya chumvi.
Bohari wamebadili zamu.
Kesho saa kumi na mbili asubuhi, asikose.
Hakusema kitu. Alisuuza kikombe kilichokuwa safi,
akapanda ngazi.
Ndiye aliyeitaka safari hii tangu Septemba,
ndiye aliyechora duara kwenye kalenda
akaandika ndani yake: SAMAKI.

Asubuhi, stesheni ya Middlesbrough, baridi inang'ata masikio.
Mama ana mfuko wa mandazi, na msimamo wake:
"Nunua ya watatu. Kiti cha Tatu kikae kitupu.
Tunalipa, hatuibi."
Karani nyuma ya kioo ana kipini puani na subira ya muuguzi.
Sharti, anasema, watatu wasafiri pamoja,
kwenda na kurudi, na wote waonekane.
Nikamfasiria mama.
Mama akageuka, akaitazama foleni nyuma yetu
taratibu, kama anayechagua nanasi.

Kulikuwa na mzee. Kofia ya sufi,
mbwa mwenye mvi mdomoni,
kiganjani sarafu alizokwisha kuzihesabu.
"Muulize anakwenda wapi."
Mama, huku watu hawaulizani.
"Ndiyo maana wanalipa bei ya kawaida."

Nikauliza, uso ukiniwaka.
Anaitwa Wilf. Anakwenda kutengeneza bomba la dada yake.
Akasema jambo refu kwa lafudhi ya huku, nikashika nusu;
nusu niliyoshika ilikuwa ndiyo.

Mto Esk tuliuvuka, tukauvuka tena,
na tena. Mimi nilipotewa.
Wilf alikuwa akiinua kidole kila daraja,
na mama, asiyejua neno lake hata moja,
akaanza kuinua chake.
Mbwa alilala juu ya kiatu changu.
Andazi la kwanza Wilf alilinusa. La nne aliliomba.

Jioni, dakika mbili kabla ya treni,
hayupo.
Mama kakumbatia samaki ndani ya karatasi
kama mtoto mchanga, anaangalia ngazi.
Mara yule, anakimbia, mkono umelowa hadi kiwikoni,
mbwa mbele.
Tukapiga makofi. Watu wakatutazama. Watazame.

Tatu karudi saa mbili usiku, miguu imemvimba.
Anamla samaki baridi, wima, kwa vidole,
macho kwenye mlango wa friji
ambako mama ameibandika tiketi kwa sumaku.
"Watatu?" anauliza. "Nani wa tatu?"

"Wewe," mama anasema, bila kuacha kukunja kanga.
"Ila leo ulikuwa mzee, una mbwa,
na ulichelewa."