Bafta Wari Mbili

Kitabu cha yule mgeni
kimetupa ukurasa mmoja na nusu:
urefu wa Kisiwa Panza, upana wake,
minazi kwa kukadiria,
maji ya visima yana chumvi,
wakaazi ni wabishi.
Basi. Ukigeuza, umeshafika Mkoani.

Nilikisoma Unguja, nyumba ya nyaraka,
nimevishwa glavu nyeupe kama muosha maiti.
Kwenye neno *wabishi* nilicheka peke yangu,
maana hilo hata mimi sina la kubishia.

Kitabu cha pili sikukitafuta.
Kilikuwa Panza kwenyewe, juu ya kabati la Asaa Khatibu,
chini ya mizani mbovu na kopo la misumari:
daftari la duka la babu yake,
hati za Kiarabu, Kiswahili chetu,
pembe ya chini imeliwa na mchwa
pamoja na madeni ya watu wenye bahati.

Hamna sultani humo. Hamna vita.
Yumo Mbwana Faki, mafuta ya taa, chupa moja.
Mkewe, sukari ratili, atalipa mbata zikikauka.
Siku tisa hakuna aliyenunua kitu,
na pembeni neno moja tu: *mvua*.
Yumo Makame Shehe, kaniki doti moja;
kesho yake, *kaniki imerudishwa,
sababu naijua, siiandiki.*

Usiku nikiwasomea barazani kwa Asaa,
watu wakayacheka madeni ya marehemu,
wakadaiana upya, kahawa ikamwagika,
hata nikafika mfunguo nne, mwaka Jumatatu:
*Mwanashaha binti Kombo. Bafta wari mbili.
Thumni tatu. Hajalipa.*

Bi Tumu alikuwa akisuka ukili karibu na mlango.
Mkono ukasimama.
"Wari mbili," alisema. "Mtu mzima haimtoshi."
Hakuna aliyejibu.
"Mimi nimezaliwa mwaka wa pili yake.
Mama kaniambia, wewe ndiye mwanangu wa kwanza.
Kaniambia hivyo mpaka anakata roho."

Akafungua fundo kwenye ncha ya kanga,
akatoa noti, akainyoosha kwa kiganja
juu ya ukurasa.
Asaa akairudisha. "Bibi, babu keshasamehe.
Tena mimi nalifuta sasa hivi."
Akachomoa kalamu ya risasi sikioni.

Bibi akamdaka kifundo cha mkono,
kwa nguvu ile ile ya kung'olea muhogo.
"Usifute!
Jina hakupewa. Kaburi bahari ishalila.
Mama kamficha mdomoni miaka yote hiyo.
Duniani kaandikwa pahala pamoja, hapa,
tena kwa thumni tatu,
na wewe wataka kumpigia mstari?"

Tukakaa kimya. Mbuzi wa mtu akakohoa.
Kisha Asaa akaichukua ile noti,
akaitia kwenye droo ya duka, akaifunga,
akaniuliza mimi, msomi, anaandikaje.
Sikujua.
Akaandika mwenyewe, polepole, chini ya hati ya babu yake,
kwa herufi za skuli:

*Kalipa mdogo wake.*

Bi Tumu akataka asomewe.
Akasomewa.
Akataka tena.