Ibara ya Kumi na Nne

Saa nne usiku, Mtumba. Jengo limebaki na mimi,
mlinzi, na feni inayosaga upepo uleule.
Muswada uko mezani, kurasa arobaini na moja.
Kesho unapelekwa kamatini.

Nimeshaandika "nishati ya jotoardhi".
Nimeshaandika "kisima cha utafiti".
Nimefuta "miezi tisa", nikaweka "siku thelathini":
kidole kimoja, kitufe kimoja,
na kiangazi kizima kimetoka kwenye sheria
bila hata kukohoa.

Yaledi, mama yangu mdogo, hajui kusoma,
lakini joto la maji ya Nhumbi analijua kwa kisigino.
Huenda alfajiri, kanga imefungwa juu ya magoti,
anatumbukiza miguu yenye baridi yabisi
na kuhesabu kwa Kigogo, polepole,
mpaka goti lilegee.
Akirudi hukwangua magadi ukingoni,
ya kuuza Bahi siku ya mnada.

Nilimuuliza: maji haya yana miaka mingapi?
Akasema: ulizia mvua, miaka ya nini.
Kifuku yanapanda hadi jiwe la pili.
Kiangazi yanarudi chini, inabaki harufu ya yai viza.

Siku thelathini.
Mpimaji akija Agosti
atakuta vumbi, ng'ombe wa Ndahani, na jiwe kavu.
Ataandika "hakuna athari",
na atakuwa amesema kweli, kweli ya Agosti.

Lakini usinisomee methali ya haraka.
Nimeisikia kamatini mara tatu;
mara ya tatu umeme ukakatika,
waheshimiwa wakapapasa simu mifukoni
waione ajenda.
Na Sechelela, binti wa Yaledi,
alijifungulia zahanati kwa tochi ya simu,
chaji asilimia tisa,
nesi akisema sukuma mama, sukuma, inazimika.
Moto uko chini ya nyayo zao siku zote
na juu wanazalia gizani.
Miezi tisa ya kusubiri mhuri
nayo ni mimba ya mtu.

Siku sizigombii, basi. Naogopa aya ya (c):
"Iwapo Baraza halitajibu ndani ya muda huo,
itahesabika kuwa limeridhia."
Kunyamaza ni kukubali.
Hivyo ndivyo walivyomfanyia bibi yangu siku ya posa.
Shavu lilikuwa limevimba kwa jino,
mdomo haufunguki.
Ng'ombe wakahesabiwa.

Kishale kinamweta mwishoni mwa sentensi.
Mamlaka yangu humu ni madogo kama nukta.
Nafuta "itahesabika".
Naandika: "Hakuna kisima kitakachochimbwa
kabla Baraza halijajibu kwa maandishi,
na maji hayajapimwa kifuku na kiangazi."
Nafuta "kifuku na kiangazi", watasema ni ushairi.
Naweka "katika misimu yote miwili".
Nakaa.
Narudisha "kifuku".

Kesho watalikata kwa kalamu nyekundu,
au hawatalisoma, wakalipitisha pamoja na chai.
Mlinzi anagonga: dada, bado tu?
Bado, Chiwanga. Ukurasa mmoja.

Printa inautema ukiwa na joto.
Naushika kwa viganja viwili,
kama mtu anayeyapima maji
kabla hajatia mguu.